IMAM GHAZALI: MWALIMU ALIYERUDI KUWA MWANAFUNZI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Usiku mmoja katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, mtu katika wahudhuriaji aliomba ruhusa akauliza suala. Ni mtu mzima, ana mke na watoto na kazi yenye mshahara mzuri. Alieleza kwamba wakubwa wake wa kazi wamemridhia na watu wa mtaani wanamheshimu, lakini moyo wake hautulii. Anataka kuiacha kazi ile arejee kusoma, na khofu zake ni tatu. Ya kwanza, watoto watakula nini. Ya pili, watu watasema nini. Na ya tatu, vipi mtu wa makamo yake ataketi chini pamoja na vijana mbele ya mwalimu. Nilimpa jawabu fupi, na jawabu lile halikunitosha mimi mwenyewe, seuze yeye.

Nilipofika nyumbani nikamkumbuka mtu ambaye jambo hili hili lilimfika zaidi ya miaka 900 iliyopita, na lilimfika kwa uzito mkubwa kuliko sisi sote, kwani alichokuwa nacho cha kuacha kilikuwa kikubwa zaidi. Naye ni Hujjatul-Islam, Imam Abu Hamid Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu Amrehemu. Kitabu chake cha Ihyau Ulumid-Din tunakijua. Kimesomeshwa katika misikiti yetu ya pwani tangu zamani za wazee wetu. Lakini wengi wetu tunakijua kitabu wala hatumjui mwenye kitabu, wala hatujui kwamba kitabu kile kisingaliandikwa lau kama mwenyewe hakuinuka kitini pake. Basi nimeona nieleze kisa chake, na kila mwenye suala kama lile ajipime nacho.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Muhammad bin Muhammad bin Muhammad. Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra (1058) katika mji wa Tus, katika nchi ya Khurasan, upande ambao leo umo ndani ya Iran. Baba yake alikuwa maskini mwema aliyesokota sufi kwa mikono yake na kuiuza dukani kwake. Hakuwa mwanachuoni, lakini akipenda kukaa na wanavyuoni, akiwatumikia na kuwapa alichojaaliwa, na akimwomba Mola wake Amruzuku mtoto atakayekuwa mmoja wao.

Yalipomkaribia mauti aliwausia watoto wake wawili, Muhammad na mdogo wake Ahmad, kwa rafiki yake mmoja Sufi, akampa na akiba ndogo aliyokuwa nayo. Akamtaka aitumie yote katika kuwasomesha, hata kama haitabaki pesa moja. Rafiki akatimiza amana. Akiba ilipokwisha, naye ni fakiri asiye na kitu, akawaeleza watoto hali yake bila ya kuficha, akawashauri waingie katika madrasa kama wanafunzi, kwani wanafunzi wa madrasa walikuwa wakipewa chakula. Wakaingia.

Basi huo ndio mlango alioingilia mwanachuoni huyu mkubwa: mlango wa chakula. Wala yeye hakulificha jambo hilo alipokuwa mkubwa. Alikuwa akisimulia kwamba waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine, si kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na elimu yenyewe ndiyo iliyokataa kuwa ya mwingine asiyekuwa Yeye. Tulikumbuke neno hili, kwani maisha yake yote ni sherehe yake.

KUSOMA KWAKE

Fiqhi aliianza kwao Tus kwa Sheikh Ahmad Ar-Radhakani, kisha akasafiri kwenda Jurjan akasoma huko na kuandika masomo yake katika madaftari. Imesimuliwa kwamba alipokuwa akirudi kwao, msafara ulivamiwa na wanyang'anyi wakachukua kila kitu, hata mkoba wa madaftari. Kijana akawafuata wanyang'anyi wale nyuma nyuma, akamsihi mkubwa wao amrudishie karatasi zile ambazo wao hazingewafaa kwa lolote. Mkubwa wa wanyang'anyi akamwuliza ni karatasi gani hizo. Alipojibiwa kwamba ndimo ilimo elimu aliyosafiri kuitafuta, akacheka: vipi mtu adai kwamba ana elimu, na ukichukuliwa mkoba wake anabaki hana kitu? Kisha akaamuru arudishiwe. Ghazali aliona kwamba Mwenyezi Mungu Amemtamkisha mtu yule ili amwongoze yeye. Alipofika Tus akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika, hata lau kama angalinyang'anywa tena asingalipungukiwa na kitu.

Kisha akenda Naysabur, mji mkubwa wa elimu katika Khurasan, akasoma kwa mwanachuoni mkubwa wa Kishafii wa zama zile, Imamul-Haramayn Al-Juwayni. Kwake akasoma fiqhi, usuli, mantiki na elimu ya kujadiliana, akawapita wenzake wote. Hakuachana na mwalimu wake mpaka mwalimu alipofariki mwaka 478 (1085).

CHEO CHAKE KATIKA BAGHDAD

Dola ya wakati ule ilikuwa ya Waseljuki, na aliyeshika khatamu zake alikuwa waziri wao, Nidhamul-Mulk. Waziri huyu naye alikuwa mtu wa Tus, na akipenda kukusanya wanavyuoni kambini kwake. Ghazali akenda kambini, akajadiliana na mabingwa waliokuwako akawashinda, na jina lake likaenea. Mwaka 484 (1091) waziri akampa kiti cha mudarris wa Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad. Kwa hesabu ya Hijra alikuwa na miaka 34, na hakikuwako kiti cha kusomesha kikubwa kuliko kile katika ulimwengu wa Kiislamu wa mashariki.

Akisomesha wanafunzi mia tatu. Wakubwa wa dola wakimsikiliza, na makhalifa wakimtaka shauri. Naye Khalifa Al-Mustadh-hir alimtaka awaandikie raddi Mabatini, akaandika. Alisoma pia vitabu vya wanafalsafa, peke yake bila ya mwalimu, katika saa chache alizokuwa akizipata baada ya kusomesha na kuandika. Kwa muda usiotimia miaka miwili akaijua falsafa yao, akatumia karibu mwaka mwingine kuifikiri, kisha akaandika Tahafutul-Falasifa, kitabu cha kuwaonyesha makosa yao.

Watu waliomjua siku zile wamesimulia kwamba alikuwa na ukali wa ulimi na majivuno, akiwatazama watu kwa jicho la kuwadharau kwa sababu ya akili na ufasaha aliopewa. Imesimuliwa pia kwamba siku aliyoingia Baghdad watu waliyathamini mavazi yake na mnyama aliyempanda, wakaona thamani yake ni dinari 500.

Lakini dunia haikukawia kumwonyesha uso wake wa pili. Katika Ramadhani ya mwaka 485 (1092) Nidhamul-Mulk aliuawa na mtu aliyejifanya fakiri wa Kisufi. Mwezi mmoja baadaye akafa Sultani Malik Shah, na watoto wake wakaanza kupigania ufalme. Waliokuwa nguzo za dunia wakaanguka katika mwezi mmoja, na mudarris wa Nidhamiya akaliona hilo kwa macho yake, hali yeye mwenyewe ameegemea nguzo zile zile.

JINSI ALIVYOJIPIMA

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kiini cha kisa chetu, na Ghazali mwenyewe amekieleza katika kitabu chake Al-Munqidhu minadh-Dhalal, alichokiandika karibu na mwisho wa umri wake.

Alikuwa amesoma vitabu vya watu wa tasawwuf, kama Qutul-Qulub cha Abu Talib Al-Makki na vya Harith Al-Muhasibi, akaifahamu elimu yao kwa njia ya kusoma. Kisha akatambua kwamba kitu kikubwa walichokuwa nacho watu wale hakipatikani kwa kusoma tu, bali kwa kuonja na kwa kugeuza mwendo. Mfano alioupiga ni wa tabibu aliyeshikwa na maradhi: anajua uzima ni nini, anajua sababu zake na dawa zake, na huku uzima wenyewe hana.

Basi akaanza kujihesabu. Wala hakuanza kwa kuzihesabu dhambi zake kama tufanyavyo wengi wetu tunapotaka kutubu. Alianza kwa kuitazama amali yake iliyo bora kuliko zote, nayo ni kusomesha. Akaona kwamba nyingi katika elimu alizokuwa akizisomesha hazina faida kubwa katika njia ya Akhera. Kisha akaitazama nia yake katika kusomesha kwenyewe, akaiona kwamba haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Lililokuwa likimsukuma kila asubuhi kwenda kitini ni kutaka jaha na kuenea kwa jina. Akajiona kama mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo, na udongo chini ya miguu yake unamomonyoka.

Hapo ikamfika hali ya kusitasita. Siku moja huazimia kuondoka Baghdad na kuyaacha yote, siku ya pili huivunja azma ile. Hutanguliza mguu mmoja na kuurudisha wa pili. Asubuhi huwa na raghba ya kweli ya Akhera, na jioni majeshi ya matamanio huishambulia na kuisambaratisha. Upande mmoja sauti ya imani humwambia kwamba umri uliobaki ni mchache na safari ni ndefu. Upande wa pili Shetani humjia na hoja zinazoonekana za busara: kwamba hali hii ni ya kupita na itaondoka upesi, kwamba akiitii na kukiacha cheo hiki kilichotengenea, kisicho na bughudha wala mshindani, pengine nafsi yake itakuja kukitamani tena, naye asikipate.

Akakaa katika hali hii karibu miezi sita, tangu Rajabu ya mwaka 488 (1095). Na jambo hili la miezi sita lisitupite hivi hivi. Mtu mwenye akili kama yake, aliyekuwa akifutu na kuhukumu katika mas-ala magumu, alikaa nusu ya mwaka asiweze kulikata jambo la nafsi yake. Basi mwenye kusitasita katika jambo kama hili asijione duni, wala asiharakishwe na wenzake.

Mwisho ikamjia amri asiyoweza kuikataa. Ulimi wake ulifungika. Alijilazimisha siku moja asomeshe, kwa ajili ya kuziridhisha nyoyo za wanafunzi waliokuwa wakimjia, na asiweze kutamka hata neno moja. Huzuni ikauingia moyo wake, chakula kikawa hakimwelei: mkate wa mchuzi haumezeki, maji hayapiti kooni. Nguvu zikamwisha. Matabibu wakakata tamaa, wakasema kwamba jambo hili limeanzia moyoni kisha likaingia mwilini, na haliponi ila moyo upumzike na lililousumbua. Alipojiona hana hila tena, akamkimbilia Mola wake kama mtu aliyedharurika. Mwenyezi Mungu Akamsahilishia kuviacha cheo na mali na jamaa na masahibu, akaona wepesi moyoni katika jambo lililokuwa likimlemea.

KUONDOKA KWAKE

Tutazame sasa alivyoondoka, kwani wako watu ambao wakishikwa na shauku ya kheri huiharibu kheri ile kwa namna wanavyoiendea.

Kwanza, hakuiacha madrasa bila ya mtu. Ndugu yake Ahmad, aliyekuwa naye mwanachuoni, alishika mahali pake akasomesha badala yake.

Pili, hakuwatupa watoto wake. Aligawa mali aliyokuwa nayo, lakini alizuia kiasi cha kuwatosha watoto. Na sababu aliitaja: mali ya Iraq ni wakfu wa maslaha ya Waislamu, na hakuona mali katika ulimwengu ambayo mwanachuoni anaweza kuichukua kwa ajili ya watoto wake iliyo safi kuliko ile. Aliyejivua dinari 500 za mapambo hakujivua deni la watoto wake. Aliona kwamba mapambo ni yake kuyaacha, na chakula cha watoto si chake.

Tatu, hakupiga mbiu. Alidhihirisha kwamba anasafiri kwenda Makka, na moyoni amekusudia Sham. Alichelea kwamba Khalifa na masahibu zake wakijua kuwa haazimii kurudi watamzuia. Akatoka Baghdad katika mwezi wa Dhul-Qaada, mwaka ule ule wa 488 (Novemba 1095).

Watu nao hawakunyamaza. Hapana hata mmoja katika maimamu wa Iraq aliyedhani kwamba mtu anaweza kukiacha cheo kile kwa sababu ya dini, kwani kwao wao kile ndicho cheo cha juu katika dini. Walio mbali wakasema kwamba amewakimbia watawala. Walio karibu na watawala walijua namna walivyokuwa wakimng'ang'ania naye akiwaepuka, wakasema kwamba bila ya shaka ni jicho lililowapata watu wa elimu. Kila mtu alisema lake, na hapana aliyelijua jambo lenyewe. Naye hakurudi kuwajibu. Aliyaeleza mambo haya baadaye, baada ya kupita miaka mingi, kwa ajili ya kumfaa mwenye kusoma, si kwa ajili ya kujitetea.

MIAKA YA UPWEKE

Aliwasili Dimishki akakaa huko hana kazi ila ibada, na kujitenga, na kuisafisha nafsi yake. Akikaa itikafu katika Msikiti Mkuu, na akipanda mnara wa msikiti akijifungia mlango mchana kutwa. Kisha akenda Baytul-Muqaddas, akawa kila siku akiingia katika Qubba ya Mwamba na kujifungia. Hii ilikuwa miaka michache tu kabla ya mji ule kutekwa na Mafaranji mwaka 492 (1099).

Kutoka hapo akenda Al-Khalil, kwenye kaburi la Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, na hapo akamwahidi Mwenyezi Mungu mambo matatu: asichukue tena mali ya sultani, asende tena kwa sultani, na asifanye tena mijadala ya kushindana. Mwenye kuyatazama matatu haya ataona kwamba ndiyo yale yale yaliyompandisha cheo: mali ya dola, kambi ya waziri, na ushindi wa majadiliano. Aliifunga milango mitatu aliyoingilia. Kisha akenda Hija, akazuru Madina.

Katika mwaka 490 (1097) alikuwa amekwisha rudi Baghdad, akakaa katika ribati iliyokabiliana na Nidhamiya. Fikiri, ewe msomaji: mlango wa madrasa ile ile uko mbele yake, na wanafunzi wanaingia na kutoka, naye yuko upande wa pili wa njia, amevaa nguo za kifakiri. Imesimuliwa kwamba watu waliyathamini mavazi yake baada ya zuhudi yake, wakaona ni karati 15 tu. Huko ndiko mwanachuoni wa Andalus, Qadhi Abu Bakr Ibnul-Arabi, alikomkuta na kusoma kwake. Kitabu alichokuwa akikisomesha ni Ihyau Ulumid-Din, tunda la miaka ile, chenye vitabu arubaini katika robo nne: ibada, mazoea ya maisha, mambo yenye kuangamiza, na mambo yenye kuokoa.

Baadaye akarudi kwao Tus. Na hapa pia alisema kweli ambayo wengi wangeliificha: kilichomrudisha ni shughuli za nyumbani na wito wa watoto, ijapokuwa alitaka kubaki katika upweke. Alikiri kwamba mahitaji ya jamaa na dharura za maisha yalikuwa yakimchafulia utulivu wake, na kwamba utulivu haukumjia ila nyakati mbali mbali. Lakini hakukata tamaa nao. Kila kizuizi kilipomtoa, alirudi tena. Akadumu hivi miaka kama kumi.

KURUDI KWAKE KUSOMESHA

Mwaka 499 (1106) Fakhrul-Mulk, mtoto wa yule Nidhamul-Mulk, naye ni waziri wa Khurasan, alimwamrisha akasomeshe katika Nidhamiya ya Naysabur. Ghazali akaitoa tena mizani yake. Alikwisha ona kwamba itikadi za watu zimedhoofika, na kwamba yeye ana dawa ya maradhi mengi yaliyowashika. Basi je, kukaa kwake pembeni sasa ni kwa ajili ya Mola wake, au ni kwa uvivu na kutaka raha, na kuikimbiza nafsi na maudhi ya watu? Akawataka shauri watu wema, wote wakakubaliana kwamba atoke. Akatoka katika Dhul-Qaada, miaka kumi na moja kamili tangu alipoondoka Baghdad.

Alisema kwamba ijapokuwa amerudi kusomesha, kwa hakika hakurudi. Kwani zamani akisomesha elimu ya kuchumia jaha, na sasa anasomesha elimu ya kuiachia jaha. Mtu alikuwa yule yule na madrasa zilikuwa za jina lile lile, lakini nia haikuwa ile. Abdul-Ghafir Al-Farisi, mwanachuoni wa Naysabur aliyemjua katika hali zote mbili, ameandika kwamba mwanzo alidhani upole wake mpya ni wa kujionyesha, mpaka alipomchunguza akajua kwamba mtu yule amepona kweli baada ya maradhi.

Fakhrul-Mulk naye aliuawa siku ya Ashura ya mwaka 500. Baada ya muda Ghazali akaiacha Naysabur akarudi Tus, akafanya madrasa karibu na nyumba yake na zawiya ya Masufi, akaugawa wakati wake baina ya kukhitimu Qur'ani, kukaa na watu wa moyo, na kusomesha. Mwaka 504 akatakiwa arudi Baghdad katika kiti kile kile cha kwanza. Akakataa kwa adabu, akitoa udhuru wa wanafunzi kama 150 walio kwake wasioweza kusafiri, na wa jamaa zake, na wa ahadi aliyoitoa mbele ya kaburi la Nabii Ibrahim.

ALIVYOKETI TENA CHINI

Limebaki jambo moja, nalo kwangu mimi ni kubwa kuliko kuondoka Baghdad.

Ghazali alikuwa bahari katika fiqhi, na usuli, na mantiki, lakini katika elimu ya Hadithi alikuwa na upungufu. Ndani ya Ihya mna Hadithi nyingi dhaifu, na wanavyuoni wa Hadithi wamezibainisha. Aliyefanya kazi kubwa zaidi ni Hafidh Zaynud-Din Al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 (1404). Wala haijuzu kwetu kulificha jambo hili kwa sababu ya kumpenda Imam, kwani yeye mwenyewe alikwisha kiri kwamba bidhaa yake katika Hadithi ni haba.

Na hakukiri tu akanyamaza. Katika siku zake za mwisho, naye amepita miaka hamsini, mwenye jina la Hujjatul-Islam, mwenye vitabu vilivyofika Andalus, aliielekea elimu ya Hadithi akakaa na watu wake, akawa akizisoma Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Alimwita kwake Tus mtu wa Hadithi, Abul-Fityan Umar Ar-Rawwasi, akamkirimu, akasoma Sahihi mbili kwake. Abdul-Ghafir ameandika kwamba lau kama angaliishi, angaliwatangulia watu wote katika elimu hiyo kwa siku chache. Lakini hakuishi.

KUFARIKI KWAKE

Alifariki Tus siku ya Jumatatu, tarehe 14 Jumadal-Ukhra mwaka 505 (18 Desemba 1111). Ndugu yake Ahmad amesimulia kwamba asubuhi ile alitawadha akasali, kisha akataka aletewe sanda yake. Akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akajinyoosha kuelekea kibla, akafariki kabla ya jua kutoka. Hakuacha watoto ila mabinti.

JAWABU LA MUULIZAJI

Basi ewe ndugu uliyeniuliza, jawabu lako limo katika mambo haya.

Ama khofu yako ya chakula cha watoto, ni khofu ya haki, na Ghazali hakuidharau. Kabla ya kuondoka aliwawekea, na walipomwita aliwarudia. Asiyeweza kuwawekea na asubiri, asome usiku baada ya kazi. Wala kazi ya halali haikosi thawabu, kwani yeye huyu Ghazali ameweka ndani ya Ihya kitabu kizima juu ya adabu za kuchuma.

Ama watu, watasema. Walimsemea Ghazali na hapana aliyepatia.

Ama kuketi chini ya mwalimu, hapo sina budi nikiri langu. Mimi mwenye kuandika haya umri wangu umepita miaka arubaini, na nimesomesha watu wengi. Yuko kijana mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, akasafiri ng'ambo akasoma elimu ya Hadithi, akarudi na kitu nisichokuwa nacho. Tangu arudi nilikuwa nikiona haya kumwendea. Nikijiambia kwamba nina shughuli, na darsa zangu ni nyingi, na watu watasema sheikh amekuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Zote hizo zilikuwa hoja za Shetani, na nilizitambua nilipozisoma katika kisa hiki. Nimekwisha kwenda kwake, na kila alfajiri ya Jumamosi nasoma kwake.

Lakini kabla ya kuiacha kazi yako, fanya kwanza lile alilolifanya Imam kwa miezi sita. Usiipime kazi peke yake. Ipime na nia. Jiulize: unakwenda kusoma kwa ajili ya nini? Ikiwa unaiacha jaha ya kazi ili ukatafute jaha ya elimu, basi hujatoka mahali pako. Na ikiwa nia yako ni safi, basi umri haujapita, kwani Imam Ghazali yalimfika mauti naye yumo katika kusoma.

Mwenyezi Mungu Amrehemu Imam Ghazali, Atunufaishe kwa elimu yake, Amsamehe alipokosea, na Azisafishe nia zetu katika tunayoyafanya na tunayoyaacha. Amin.